Ile Bluu Niliichagua Mimi

Vero mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimejifungia sebuleni na lile daftari lako la hesabu lililobaki kurasa nyeupe. Upepo unapiga mabati. Mbele yangu, juu ya kitambaa cha meza ulichofuma mwenyewe, kipo kile kiboti chako cha mti.

Asubuhi tulipokuwa tunapanga begi nilikuuliza tukifunge kwa khanga ipi kisije kikavunjika njiani. Hukugeuka hata kunitazama. Ukasema, "Hicho baki nacho. Si cha baba tena." Halafu ukaendelea kukunja sketi zako, moja juu ya nyingine, polepole, kama mtu anayehesabu.

Basi la Kigoma linaondoka alfajiri. Kwa hiyo nimebaki na jioni hii tu, na sitaki kuimaliza kwa kukuandikia habari za kufua, kula na kujiepusha na marafiki wabaya. Umelelewa na muuza dagaa; kuamka mapema unajua, na mtu mwongo unamjua kabla hajamaliza salamu. Nataka kukuandikia habari ya rangi. Nimekaa nayo miaka kumi na mitatu, na kama ukipanda basi bila kuijua, najua hutarudi nyumba hii kama mtoto wa nyumbani. Utarudi kama mgeni, uniletee mkate na sukari, uage jioni.

Lakini kwanza niruhusu niseme jambo ambalo najua linakuudhi. Nina furaha, Vero. Nina wiki saba za ndoa na bado nikiamka nashangaa. Mama yako ana miaka arobaini na moja, na akisikia pikipiki ya mtu fulani inazimwa nje ya geti anakimbilia kioo kama binti wa kidato cha pili. Mume wangu Amba akirudi kutoka dukani kwake ananukia tina ya kuchanganyia rangi na vumbi la saruji, nami nimeipenda harufu hiyo kuliko uturi. Hujui kwamba ukutani, nyuma ya kaunta yake, kila kopo jipya la rangi linapofunguliwa anachovya kidole, ananiwekea alama na kuniambia niipe jina. Ameniwekea mstari mzima. Nimezipa majina: Kiini cha Yai la Kienyeji, Ulezi Uliochelewa Kuvunwa, Asubuhi ya Jumapili. Wateja wanamuuliza, "Mnyakyusa, huu uchafu wa nini ukutani?" Anawajibu, "Hiyo ni barua ya mke wangu." Utanisamehe. Nilianza kuandika kwa huzuni na tazama nilikofika. Ndivyo nilivyo, na mbele utaona kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe.

Siku nne kabla ya harusi nilikuwa napaka chumba. Unaikumbuka rangi ile, nyeupe iliyochanganywa na manjano kidogo, kama maziwa yaliyochemka yakaganda utando. Nilikuwa naimba. Nilipomaliza ukuta wa dirishani, ndoo ilikuwa bado na rangi chini, na kiboti chako kilikuwa pale kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pake pa siku zote, na bluu yake ile ile. Nikakitazama. Sikufikiri. Nilichovya brashi nikakipaka, pua mpaka mkia, ndani na nje, na sikuacha kuimba.

Uliporudi ulisimama mlangoni. Kisha ukasema, "Mama, umempaka baba rangi ya chumba chenu."

Ile "mama" ndiyo ya mwisho niliyoisikia. Tangu siku ile ukitaka kusema na mimi unaanza na "samahani". Siku ya harusi ulivaa sare, ulicheza, ulimpa Amba mkono ukamwambia karibu kwetu, ukawanawisha wageni mikono. Watu wakaniambia nimejaliwa binti. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikawa nasubiri neno moja tu kutoka kwako, nalo halikuja.

Uliamini nimemfuta baba yako ili kumpisha mume mpya. Nami nikakuacha uamini hivyo. Hilo ni kosa langu la karibuni, nalikiri kwanza maana ni jepesi. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu kuonekana mama asiye na moyo ilikuwa nafuu kuliko kukuambia ukweli. Sasa soma, mwanangu, na kama unasoma umesimama, kaa.

Wewe uliondoka Wampembe ukiwa mdogo, kwa hiyo huenda hujui desturi ya boti ilivyokuwa kule kwetu mwaloni, boti za ziwani zinakotia nanga. Baba yako, Fundi Deo, alikuwa hapaki boti rangi hata iwe ya nani kabla hajachonga ya mfano, ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja. Anaipaka ile ndogo kwanza. Halafu anaipeleka kwa mke wa mwenye boti. Si kwa mwenye boti, kwa mke wake. Mwanamke anaiweka majini, anarudi nyuma hatua nyingi, mpaka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, na kuitazama. Akisema "naiona," basi inapakwa kubwa. Akisema "siioni vizuri," anachagua nyingine. Rangi ya boti ilikuwa ni ya kuchaguliwa na anayebaki nchi kavu, kwa kuwa ndiye atakayesimama asubuhi kuhesabu boti zinaporudi, na ikikosekana moja ndiye atakayewaambia wanaume watafute nini. Ndiyo maana boti za Wampembe zilikuwa nyekundu, na za rangi ya chungwa, na njano yenye mkanda mweusi. Hazikuwa nzuri. Zilikuwa zinaonekana.

Nilipoolewa na baba yako nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, najiona nimesoma. Na nilikuwa na furaha, Vero, furaha hii hii unayoiona sasa na inayokukera. Alipojenga boti yake mwenyewe, ya kwanza isiyo ya mteja, alinijia na kiboti cha mninga, kimepigwa msasa hadi kinateleza, akakiweka mapajani mwangu. "Haya, mke wangu. Sema."

Nikasema bluu.

Nilikuwa na kitenge cha bluu, ndicho nilichovaa siku aliyokuja kuniposa. Sikuwa na sababu nyingine. Alicheka, akapaka kiboti bluu, na kesho yake tukashuka mwaloni. Wanawake walikuwepo wanageuza dagaa, na bibi yako Sabina, mkwe wangu, akiwa katikati yao. Nikakiweka kiboti majini, nikarudi nyuma mpaka kwenye vichanja kama inavyotakiwa.

Bibi yako akaniuliza, "Binti, ziwa lina rangi gani?"

"Bluu, mama."

"Na boti ya mwanangu?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyu ana wivu, jamani! Anamficha mume tusimwone!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, bado anamwona kwa moyo. Akizaa atamwona kwa macho."

Mimi nami sikukubali kushindwa. Niliwajibu, na maneno hayo nayakumbuka mpaka leo, kila neno: "Nyinyi mnahitaji rangi kuwajua waume zenu. Mimi wangu namjua hata kwa mlio wa mashine."

Wakapiga vigelegele. Bibi yako hakupiga. Alimtazama baba yako, na baba yako akainua mabega yake mapana, akasema, "Mke wangu amesema bluu. Basi ni bluu."

Ilikuwa boti nzuri kuliko zote. Kila mwaka iliburutwa ufukweni kupakwa upya, na kila mwaka aliniuliza, "Bado bluu?" Angalia hapo, mwanangu. Hakuniuliza mara moja. Aliniuliza mara nane. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeshaelewa, maana asubuhi nyingine nilisimama na wewe mgongoni nikatafuta, nikatafuta, na wenzangu wote wameshawaona wa kwao, wameshakwenda kupokea samaki. Nilielewa. Ila nilikuwa nimeshasema mbele ya wanawake wale, na kila walipopita walinitania, "Mama Vero, mlio umeusikia?" Nikaona aibu kubadili. Nikasema bado bluu. Mara ya tano bado bluu, mara ya nane bado bluu.

Ulikuwa na miaka saba. Wewe unachokumbuka ni watu wengi nyumbani na wali mchana. Mimi nakumbuka mashine. Mashine ya boti iliwafia mbali ziwani, usiku, upepo ukawasukuma, na pakakucha. Hapakuwa na mlio wa kusikia, Vero. Nilisimama kwenye vichanja nikitega sikio kama mjinga, na ziwa lilikuwa bluu lote, na mbingu bluu, na wanaume wakanijia wakaniuliza swali lile, "Tutafute nini?" Nikawaambia. Nikaona walivyotazamana.

Walitafuta siku nzima. Siku ya pili ndipo boti ilipopatikana, imejaa maji, Sadiki aliyekuwa msaidizi wa baba yako amejifunga kamba, yu hai. Baba yako alikuwa ameshatutoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Baada ya mazishi Sadiki alinivizia nyuma ya jiko, midomo yake bado imepasuka. Alisema, "Shemeji, sitamwambia mtu. Lakini siwezi kubaki nalo peke yangu. Mchana ule wa kwanza boti mbili zilipita karibu. Tulivua mashati tukapunga. Sisi tuliwaona. Wao hawakutuona."

Ni hayo tu. Hakusema rangi. Hakuwa na haja.

Hakuna aliyenilaumu, na hapo ndipo pagumu. Wanawake wale walionicheka walinipikia mwezi mzima. Bibi Sabina hakunitamkia neno. Siku nilipofunga mizigo kupanda huku Sumbawanga, alikwenda ndani akatoka na kile kiboti, akakupa wewe mkononi, akasema, "Hiki ni cha baba yako. Kikae dirishani." Kisha akanitazama mimi. Sijui alikusudia nini. Labda hakukusudia chochote, labda ni bibi tu aliyempa mjukuu kitu cha kumkumbukia baba. Lakini ulikiweka dirishani, na nyumba zote tatu tulizopanga ulikiweka dirishani, na kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu nimefungua pazia nikaikuta ile bluu inanitazama. Wewe uliona baba. Mimi niliona jibu langu.

Ndiyo maana nilichovya brashi, Vero. Sikuwa nampaka baba yako. Nilikuwa najipaka mimi. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile nilikuwa na furaha ya kuimba, na nilipogeuka na kukiona nikahisi kama kinaniuliza, "Bado?" Nikataka kinyamaze. Nilitaka siku nne tu.

Sikuandikii haya unionee huruma. Nimejitazama sana wiki hizi, na ninachokiona si kizuri. Mara mbili nimeolewa, na mara zote mbili nimechagua rangi kwa furaha yangu, bila kumuuliza aliye ndani ya boti. Ile ya kwanza ilikuwa ya baba yako. Hii ilikuwa yako. Nilidhani kosa langu la zamani lilikuwa bluu, kumbe rangi ilikuwa kitu kidogo. Kosa lilikuwa kwamba nikipenda naacha kutazama kutoka mbali. Na nikishasema mbele za watu, siwezi kurudi nyuma, hata jambo likiwa linazama mbele ya macho yangu. Nimekuachia urithi huo pia, naogopa. Jana ulipokataa chakula kwa sababu juzi ulisema hutakula, niliiona shingo yangu ngumu mwenyewe.

Kukufundisha namna ya kujitibu siwezi, mwanangu, sijapona. Ninachoweza ni kukuambia kwamba aliniuliza mara nane. Kama mtu anayekupenda akikuuliza jambo mara ya pili, usimjibu haraka.

Sasa nikuambie kilichotokea jana, kisha nimalize, maana kuni zimeshika na utarudi muda si mrefu.

Amba alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi, akakichukua kiboti akakigeuza. Akapitisha ukucha pembeni. Akacheka kidogo. "Mke wangu, nani alikufundisha kazi hii? Hii ni rangi ya maji, ya ukutani. Chini yake kuna rangi ya mafuta. Na hukupiga msasa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haijashika. Haikushika tangu siku ya kwanza. Itabanduka yenyewe."

Nikalia, naye hakujua kwa nini. Akaniuliza. Nikafungua mdomo nimwambie yote niliyoandika hapa, naye akaniwekea kiganja begani, kile chenye madoa, akasema, "Ngoja. Ni habari ya baba yake Vero?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hiyo mimi si wa kwanza kuisikia. Mwambie yeye. Mimi utaniambia keshokutwa basi likishaondoka, kama bado utataka." Halafu akatoka nje kutengeneza pikipiki ambayo haikuwa mbovu. Simtaji ili umpende. Huna deni la kumwita baba. Namtaja kwa sababu ni yeye aliyenisukuma kwenye daftari hili.

Mchana huu, ulipotoka, nilikiloweka kiboti kwenye karai kidogo tu, nikaanza kubandua kwa kucha. Amesema kweli. Inatoka kama utando wa maziwa, vipande vizima vizima. Nimebandua upande mmoja. Bluu ipo, haikupata hata mkwaruzo. Karibu na pua kuna unywele wa brashi ulionasa ndani ya rangi, ule ule uliokuwa unaukwaruza ulipokuwa mdogo, nikikukataza. Upo.

Upande wa pili nimeuacha. Mikono ilikuwa inawasha kuumaliza, nisikudanganye. Nikajizuia. Hiki ni cha kwako, na nimeshakipaka mara moja bila kukuuliza; sitakibandua chote bila kukuuliza. Ukitaka bluu, bandua. Ukitaka kibaki na pande mbili, kiache. Na ukitaka nyingine kabisa, kuna makopo mawili madogo ya rangi ya mafuta, nimeyafunga nailoni tatu ndani ya buti zako, jekundu na la chungwa, na kipande cha msasa. Kwa desturi ya kule mwaloni, wewe ndiye unayesafiri na mimi ndiye ninayebaki, kwa hiyo kuchagua ni zamu yangu. Zamu hiyo nimekupa wewe. Nilipewa mara nane nikaiharibu.

Nakiweka juu ya begi lako, kitandani, hakijafungwa. Barua iko chini yake. Kesho ukikiacha kitandani sitauliza, na sitakukasirikia, na nitakiweka tena dirishani mwenyewe na kukitazama kila asubuhi kama nilivyozoea.

Ila kama utakichukua, nina ombi moja. Stendi kutakuwa bado na giza giza, na ukungu, na watu wengi wenye makoti. Nitavaa kile kitenge cha chungwa ambacho Amba alininunulia, kile ulichosema kinapiga kelele, na kilemba chake. Nitasimama kwenye kona ya geti basi linapogeukia barabara kuu, peke yangu, mbele ya watu. Utaniona. Safari hii mwenye kubaki ndiye aliyevaa rangi.

Kaa upande wa dirisha, ukiinue kiboti, upande wowote ule. Mimi nitakuwa natazama, na sitategemea masikio.

Mama Vero,
jina ambalo sijalibadilisha.